Mawazo ya saa tisa za usiku



Juma hili tulikuwa tumepanga kuongea juu ya sombe na namna ya kuipika bila mafuta mengi. Sombe itangoja. Katika mukutano wa siku ya posho iliyopita, tulipofika kwenye mambo ya mwisho, mama mumoja alisimama akasema: “Mimi si mugonjwa. Nilipimisha damu, nilipimisha tansio, hawakuona kitu. Lakini silali. Niko na mawazo.” Kisha akakaa. Tulifikiri wengine watacheka. Hakuna aliyecheka. Mwingine akasema na yeye ni vile, kisha mwingine, mupaka mwandishi wetu akaacha kuandika. Tulikuwa wamama 23 ndani ya chumba. Tulipoomba wale wanaolala vizuri wainue mukono, mikono 4 tu ndiyo iliinuka, na mumoja kati ya hao ananyonyesha mutoto wa miezi miwili, kwa hiyo tunafikiri hakusikia ulizo vizuri.

Tuliahidi kuandika. Sisi si waganga, hatuna dawa ya kugawa. Tutaandika yale tuliyoona sisi wenyewe na yale tuliyojaribu.

Kwanza tuangalie neno lenyewe. Hapa kwetu Bukavu tunasema mutu “ana mawazo” kwa maana mbili. Mutu mwenye mawazo mazuri ni mutu wa akili, watu wanamufuata kumuomba shauri. Mutu mwenye mawazo tu, bila kuongeza neno lingine, ni yule anayekonda. Neno ni moja, na labda ndiyo sababu tunadanganyika: saa tisa za usiku tunajiona kama tunafikiri, kumbe hatufikiri kitu. Tunazunguka. Minervali, kodi ya nyumba, mutoto anayekohoa, deni la makala, lile neno ambalo shemeji alisema kwenye matanga, kisha tena minervali. Mutu anaweza kuzunguka hivi saa tatu nzima, na asubuhi hana hata shauri moja mukononi.

Na mwili nao unazunguka pamoja naye. Moyo unapiga mbio, mikono inatoa jasho, tumbo linakaza. Wengi kati yetu tuliambiwa kwamba hiyo ni uchawi, ao kwamba ni kukosa imani, na aibu ya kuambiwa hivyo iliongeza muzigo juu ya muzigo. Ni kazi ya mwili tu. Ubongo ukisikia hatari, unaagiza mwili utoe adrenalini, ile inayomusaidia mutu kukimbia mbele ya nyoka. Moyo unasukuma damu haraka ili miguu ipate nguvu. Shida ni kwamba ubongo hauchagui sana kati ya nyoka na barua ya mwenye nyumba. Unatayarisha miguu ikimbie, na wewe umelala kitandani katikati ya watoto wawili, hauna pa kukimbilia. Kupumua polepole, kutoa pumzi kwa muda murefu kuliko ule wa kuivuta, kunasaidia moyo urudi pahali pake. Fanyeni hivyo mara kumi. Ni bure. Lakini kupumua kunatuliza moyo, hakumuulizi ni nini kilimuamusha, na ndicho tunataka kuongea leo.

Tuanze na sisi wenyewe. Tunaotayarisha ukurasa huu tuko watatu, na mumoja wetu anachunga ufunguo wa kasha la kikundi. Munajua mupango: kasha lina kadena tatu, funguo tatu ziko kwa wamama watatu, na kasha lenyewe linalala kwa mama wa ine, ili mutu mumoja asiweze kulifungua peke yake. Hata hivyo mwenzetu huyu alianza kuamka kila usiku saa tisa. Anaingiza mukono chini ya godoro, anagusa ufunguo, anaurudisha, na halali tena mupaka jogoo. Hilo liliendelea zaidi ya majuma tatu. Alikonda. Bwana yake alifikiri ana mimba, kisha alifikiri mambo mengine ambayo hatutaandika hapa.

Tulimuuliza, akasema anaogopa wezi. Tukaona ni jambo la haki, wezi wako. Tukachukua ufunguo, tukamupa mama mwingine auchunge kwa muda. Munafikiri alilala? Aliamka saa tisa ileile, akaingiza mukono chini ya godoro, akakuta hakuna ufunguo, na siku hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Hapo ndipo tulielewa kwamba hatukushika jambo lenyewe. Siku moja tulienda kwake, tukakaa nyuma ya nyumba tukichambua maharagi, bila kusema kwamba tumekuja kwa mazungumzo. (Tumeona kwamba mutu akiwa na kazi mukononi anasema mambo ambayo hawezi kusema akiangaliwa usoni. Wababa wanajua hilo pia, ndiyo sababu wanapenda kuongea wakati wa kutengeneza kitu.) Mumoja wetu akamuuliza: “Ukiamka, kabla ya kugusa ufunguo, ni kitu gani unaona ndani ya kichwa?” Alinyamaza sana. Maharagi yaliisha kwenye sahani, tukaongeza mengine. Kisha akasema: “Naona mama yangu.”

Mama yake, zamani, alikuwa anachunga feza za likelemba ya wamama wa sokoni. Siku moja feza hazikutimia. Mupaka leo hakuna anayejua zilienda wapi. Wamama walikuja kwenye parsele, walisimama mbele ya nyumba, walimuita mwizi mbele ya watoto wake. Jamaa ilihama kartie. Mwenzetu alikuwa na miaka 9. Na yeye mwenyewe, alipokubali kuchunga ufunguo wetu, hakufikiria jambo hilo hata kidogo, alifurahi tu kwamba tulimuamini.

Kwa hiyo hakuogopa wezi. Aliogopa kuitwa mwizi. Ukiyasema haraka yanafanana, lakini dawa yake si moja. Juu ya wezi unatafuta kadena nguvu. Juu ya kuitwa mwizi, kadena haisaidii kitu. Alichoomba, kisha kulijua jambo lake, ni kwamba kila mukutano hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote, na watu watatu watie sahihi ndani ya buku, hata kama mukutano umechelewa, hata kama mvua inakuja. Mumekwisha kuona kwamba tunafanya hivyo tangu miezi fulani. Sasa munajua ilitoka wapi. Tumeandika habari hii kwa ruhusa yake.

Hatusemi kwamba amepona kabisa. Anaamka bado mara moja moja. Lakini akiamka anajiambia: hii ni ya mama yangu, ya wakati ule, si ya leo. Anageuka upande mwingine, na mara nyingi analala.

Mwaka 2020, OMS ilitoa kitabu kidogo chenye picha kwa ajili ya watu walio katika mahangaiko. Mafundisho yaliyozaa kitabu hicho yalijaribiwa kati ya wanawake wakimbizi wa Sudani Kusini walioko Uganda, wamama kama sisi, waliokimbia kama wengi wetu tulivyokimbia. Moja ya mambo kinachofundisha ni hili: wazo zito likikushika, uangalie kwanza kwamba limekushika, na ulipe jina. Tulifurahi kulisoma, kwa sababu lilifanana na yale tuliyokuta kwenye sahani ya maharagi. Ila tunaongeza kitu kimoja kutoka kwetu: jina la kwanza ambalo mutu anatoa si kila mara jina la kweli. Ni lile ambalo halina aibu. Kusema “naogopa wezi” hakuna aibu. “Naogopa minervali” pia, kila mutu anaogopa minervali. Chini yake kunakuwa mara nyingi jina lingine.

Mama mumoja wa kikundi, ambaye watoto wake wawili wako sekondari, alijaribu. Tangu 2019 serikali ilisema shule ya musingi ni bure, lakini sekondari tunalipa, na yeye alisema mawazo yake yote ni minervali. Tulimuomba achukue kaye ya zamani ya mutoto, ile yenye kurasa tupu nyuma, na kila mara moyo unapopiga mbio aandike mistari miwili: ni saa ngapi, na nini kilikuwa kinafanyika wakati ule. Si zaidi. Kisha juma moja alileta kaye. Tulisoma pamoja naye. Siku ambayo mutoto alirudishwa nyumbani juu ya minervali, hakuandika kitu, alikuwa anakimbia kutafuta feza, hakuwa na wakati wa mahangaiko. Lakini mara tano aliandika “telefone ililia”. Tukamuuliza, nani anapiga? Alicheka, kisha akalia. Ni kaka ya bwana yake. Alikopa kwake dola 60 bila bwana yake kujua.

Jambo hilo halikuisha vizuri kama katika mafundisho. Alimuambia bwana yake, na bwana alikasirika, alikaa siku tatu bila kuongea naye. Shemeji naye alisema maneno. Lakini deni sasa linalipwa kidogo kidogo, bwana analijua, na telefone ikilia anaipokea. Anasema afazali kelele ya siku tatu kuliko moyo kupiga kila jioni kwa mwaka muzima. Sisi hatukumuambia afanye hivyo. Kaye ilimuonyesha, akachagua yeye.

Tunapenda kusema wazi pia kwamba kujichunguza si kujidanganya kwamba hakuna hatari. Kuna mama mwingine, nyumba yake iko kwenye muteremuko, munajua namna nyumba zetu zinashikamana na mulima huku Kadutu na pengine. Tangu Septemba mupaka Mei, mvua ikianza usiku, yeye anakaa kitini na kuvaa viatu. Watu walimuambia apumue, aombe, aache mawazo. Tulipokaa naye na kumuuliza anaona nini ndani ya kichwa, alisema anaona ukuta wa nyuma, ule wenye ufa, na udongo unaousukuma. Tulienda kuangalia. Ufa uko. Udongo unasukuma. Mama huyu hakuwa na ugonjwa wa mawazo, alikuwa na macho. Tulichofanya ni kumusaidia kuchimba mutaro wa kupitisha maji upande mwingine, na kupatana na dada yake anayekaa chini kwamba usiku wa mvua kubwa watoto watalala kwake, bila kuomba ruhusa kila mara. Ukuta bado unahitaji kujengwa upya, na kwa hilo kikundi hakijapata feza. Tunaliandika hapa ili tusilisahau.

Kwa hiyo ulizo la pili, kisha jina, ni hili: je, kuna kitu ninaweza kufanya juma hili? Kama kiko, hata kidogo, kifanywe muchana. Usiku si wakati wa kukifanya. Kwa wale ambao kuandika kunawachosha, mama muzee mumoja wa kikundi ana namna yake. Jioni anachukua maharagi, kila muzigo wa moyo wake ni haragi moja. Yale anayoweza kufanyia kitu anatia ndani ya kikombe, mengine anaacha kwenye sahani. Kesho yake anachukua haragi moja tu kutoka kikombe, na siku hiyo anashugulikia lile. Tulimuuliza yale ya kwenye sahani anayafanya nini. Akatuangalia kama watoto. “Ninayapika,” akasema.

Tahazari moja, maana sisi wenyewe tuliianguka. Mutu anaweza kuanza kujichunguza na kumaliza kwa kujitafuna. Anakaa na kaye yake saa mbili, anaandika “kwa nini mimi, kwa nini kila mara mimi, kwa nini nilikubali kuolewa huku”, na anaamka akiwa amechoka kuliko mbele. Tumeona kwamba ulizo la “kwa nini mimi” halina mwisho, ni kama kuchota maji na kikapu. “Nini” ni bora: nini kilifanyika, nini nilisikia mwilini, nini nilijiambia, nini nitafanya. Na muda uwe mufupi, ule wa chai kuchemka juu ya mbabula. Chai ikichemka, unafunga kaye. Tena si usiku, na si mbele ya watoto. Watoto wanasoma uso wa mama yao mbele ya kusoma buku. Wakikuuliza una nini, usiseme “hakuna”, kwa sababu wanaona kiko. Sema: “Mama ana jambo anafikiria, si kosa lenu, na tutakula saa yetu.” Kwao hiyo inatosha, na tumeona inawalaza.

Kuna pia woga ambao hauna jambo la kufanya juu yake, ni kumbukumbu tu. Wale waliokuwa hapa siku ya Mungu tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka asubuhi ile ardhi ilipotetemeka, na namna watu walilala inje kwa kuogopa kuta. Mumoja kati yetu, mupaka leo, lori kubwa likipita barabarani anashika ukuta kwanza, kisha anasikia haya na kujifanya anapangusa mavumbi. Wengine wana usiku wa masasi ndani ya masikio yao. Kwao tunasema: musijilazimishe kukumbuka yote peke yenu juu ya kaye. Kwa jambo la namna hiyo, kujiangalia peke yako kunaweza kufungua kidonda bila kuwa na kitambaa cha kukifunga. Kaa na mutu.

Na kuna wakati ambapo mutu wa kikundi hatoshi. Kama usingizi umepotea majuma na majuma, kama mutu hawezi tena kupika ao kuoga, kama anasikia afazali asiwepo, kama anaanza kulala kwa nguvu ya pombe ao ya vidonge alivyonunua bila karatasi ya muganga, jambo hilo limevuka ukurasa wetu. Aende kwenye kituo cha afya na aseme wazi kwamba ni mawazo, asiseme “kichwa kinauma” na kurudi na paracétamol. Hapa Bukavu tuna SOSAME, na wale wenye jamaa Goma wanajua Tulizo Letu. Watu wengi wanafikiri huko ni kwa wale wanaotembea uchi barabarani tu. Si kweli, na mama anayeenda huko na miguu yake mwenyewe si wazimu. Kama unaogopa kuonekana mulangoni, tuambie, mumoja wetu atakusindikiza, na tutasema tulienda sokoni.

Siku ya posho ijayo, kisha kusoma hesabu, tutabaki saa moja kwa wale wanaotaka kujaribu. Kila mutu alete kaye ya zamani na biki. Anayependa maharagi alete kikombe, maharagi yenyewe yatakuwapo. Hakuna atakayelazimishwa kusoma kwa sauti aliyoandika, na karatasi hazitabaki kwetu, kila mutu atarudi na yake.

Mwenzetu wa ufunguo amesoma ukurasa huu mbele ya ninyi. Ameomba tuongeze mambo mawili. La kwanza, kwamba hesabu ya mwezi uliopita ilitimia, mupaka franka ya mwisho. La pili, kwamba alirudishiwa ufunguo wake, na kwamba sasa hauko tena chini ya godoro, kwa hiyo musimuulize uko wapi.